Jina Ukingoni mwa Medali

Bondeni, Nakuru
14 Januari 1956

Kwako Bibi Jepkosgei,

Hunijui nami sikujui, kwa hiyo nijitambulishe kabla hujaitia barua hii motoni. Mimi ni Dualeh Abdisalam, fundi wa saa hapa Bondeni, karibu na soko. Mke wangu Ladan alifariki, Mungu amrehemu, na binti yetu Safiyo ameolewa Isiolo. Nikifunga mlango wa duka nabaki na saa za watu ukutani, kila moja ikisema wakati wake.

Nina shughuli nyingine isiyoniletea faida yoyote. Nakusanya medali. Si hizi za vita walizorudi nazo vijana wetu, bali za zamani, za kabla ya reli. Karne iliyopita Wazungu wasafiri walipita nchi hii na wapagazi wao, na wengine waliporudi kwao walichongesha medali za fedha, wakazituma kwa watu waliowabebea mizigo na kuwaonyesha njia. Ukingoni, kwa herufi ndogo kama chawa, huwa kuna jina la mwenyewe. Zimebaki chache mno. Masonara waliziyeyusha wakafanya bangili. Hata mimi nililetewa ya kwanza niiyeyushe, nikaigeuza nikaona imeandikwa Farjala. Nikashindwa. Fedha itakuwa bangili, sawa, lakini jina la mtu ningelipeleka wapi?

Nimesikia kwa mtu wa Subukia aliyepita dukani kwamba ukoo wenu una medali ya namna hiyo, yenye jina la Kiptanui. Siandiki ili niinunue. Nataka tu kujua Kiptanui alikuwa nani. Kama swali hili linakuudhi, nisamehe.

Wako mwaminifu,
Dualeh Abdisalam


Subukia
5 Februari 1956

Mzee Dualeh,

Barua yako ilipita kwa karani wa shamba. Alilitangaza jina lako kwa sauti kubwa kwenye mizani, tulipokuwa tukipima kahawa, na sasa wanawake wote wa kambini wananiuliza nina nini na Msomali wa Nakuru. Nimewaambia ni mambo ya saa. Sina saa.

Ni kweli, Kiptanui alikuwa babu yangu, mzaa baba, mtu wa Baringo. Alimwongoza Mzungu hadi ng'ambo ya ziwa. Njiani kifaru aliwatokea, wapagazi wote wakatupa mizigo wakapanda miti, yeye peke yake akasimama mbele ya Mzungu na mkuki. Ndiyo sababu wakamtumia ile fedha. Iko salama. Nimeifunga kwa kitambaa, nimeiweka chini kabisa ya sanduku.

Mume wangu alikufa akilifanyia kazi shamba hili. Nina mtoto mmoja, Kiprugut. Anafanya kazi mbali. Kusoma na kuandika nilifundishwa misheni nikiwa msichana, lakini ni muda mrefu sijapata wa kumwandikia, kwa hiyo mkono umekuwa mzito. Kama hutajibu sitashangaa.

Jepkosgei


Bondeni, Nakuru
21 Februari 1956

Kwako Mama Kiprugut,

Kwa nini nisijibu? Nimeisoma habari ya kifaru mpaka mteja akaniuliza kama nimepata urithi. Miaka yote hii nina majina tu. Farjala, Songoro, Uledi: nazisugua medali zao kwa kitambaa laini, na sijui hata mmoja wao alikuwa mrefu au mfupi. Sasa Kiptanui amesimama mbele yangu na mkuki wake.

Nina ombi moja. Weka medali mezani, funika kwa karatasi nyembamba, kisha sugua penseli juu yake polepole. Picha yote itatokea, pande zote mbili, kisha uviringishe ukingo nao utatoa jina. Nitumie karatasi hiyo, medali ibaki kwako.

Hapa upepo unatoka ziwani na vumbi la magadi. Linaingia kwenye saa, kwenye chai, kwenye macho. Huko kwenu kuna umande, nasikia. Na Kiprugut, yuko wapi kikazi? Anakuandikia?

Dualeh


Subukia
18 Machi 1956

Mzee Dualeh,

Penseli niliyokuwa nayo imekatika, na karatasi nyembamba haipatikani hapa. Dukani wanauza sukari, sabuni na tumbaku. Subiri kidogo.

Kiprugut yuko salama, ananiandikia kila mwezi. Ananiambia nisijichoshe. Ni mtoto mwenye adabu.

Umande upo, ndiyo. Asubuhi miguu inaganda kwenye kahawa mpaka jua litoke. Kambini nyumba yangu ni ya mwisho, karibu na bomba, kwa hiyo nasikia kila anayekuja kuchota maji na kila anachosema. Wao hawajui kama nasikia. Ni kama kukaa na watu.

Wewe unakula nini, mwanamume peke yako? Nani anakupikia?

Jepkosgei


Bondeni, Nakuru
22 Aprili 1956

Kwako Mama Kiprugut,

Nimekuwekea humu penseli na karatasi ya kufungia saa, hakuna nyembamba kuishinda.

Umeniuliza chakula. Sasa tuko katika Ramadhani, kwa hiyo mchana swali hilo halina kazi. Magharibi jirani yangu Kuluthum huniletea uji na tambi kwa mkono wa mwanawe, mlangoni, na mimi husema ahsante, mlangoni. Zamani Ladan alikuwa akiniwekea tende kwenye kisahani cha bluu. Kisahani kipo. Ni miezi sasa sijapata mtu wa kuniuliza nakula nini, kwa hiyo nimekujibu kwa urefu.

Nafurahi kwamba mwanao anakuandikia. Nafurahi sana.

Dualeh


Subukia
20 Mei 1956

Mzee Dualeh,

Penseli imefika, lakini kusugua hakukutoka vizuri, karatasi ilichanika. Nimeona bora nikuchoree kwa mkono. Upande mmoja kuna mzee wa ndevu wa Kizungu. Upande wa pili mtu anayetembea na mzigo begani, nyuma yake ziwa na kilima. Chini nimeandika jina kama lilivyo, KIPTANUY, walivyokosea.

Natumaini mlisherehekea Idi vizuri.

Jepkosgei


Bondeni, Nakuru
2 Juni 1956

Kwako Mama Kiprugut,

Wewe ni mchoraji na ulinificha! Mguu wa mpagazi ulivyonyanyuka, na kile kilima! Nimeubandika mchoro wako ukutani kati ya saa mbili, na wateja wanauliza ni nani huyo. Ninawasimulia habari ya kifaru.

Umekosea mahali pawili tu. Mzee wa ndevu anatazama kushoto, wewe umemgeuza kulia. Na umesahau lile tundu la msumari juu ya kichwa chake. Mengine yote ni sahihi kabisa, hata Y ya mwisho.

Idi ilipita. Safiyo hakuweza kuja, siku hizi za Hali ya Hatari safari zina taabu, kila njia kizuizi. Nilivaa kanzu mpya, nikaswali, nikarudi dukani.

Dualeh


Subukia
12 Juni 1956

Mzee Dualeh,

Tundu hilo alilitoboa Kiprugut mwenyewe akiwa mtoto, kwa msumari na jiwe, ili aivae shingoni. Nilimchapa. Sijamwambia mtu. Sikukuandikia habari hiyo katika barua yoyote.

Kwa hiyo medali ya babu yangu iko kwako. Mkononi mwako, mezani kwako, tangu siku ya kwanza. Na mimi nimekaa hapa nikichora kwa kukumbuka, nikiona haya kukuambia sanduku ni tupu.

Sikiliza basi, nami niseme yangu. Kiprugut haniandikii. Aliondoka mwaka jana tulipogombana. Mwenye shamba alitaka aandikishwe kazi mahali pa baba yake, nami nilimbana akubali, kwa sababu asipoandikishwa mtu, nyumba hii inachukuliwa. Asubuhi nikakuta mlango wazi na sanduku wazi. Na kifaru hakuwapo. Nilimtunga ili uendelee kuandika. Babu alibeba sanduku la shanga akarudi na bega moja limeshuka. Ile fedha ilipofika miaka mingi baadaye hakujua ni ya nini, akawa anafunikia mdomo wa kibuyu cha maziwa.

Sitaki medali. Niambie mwanangu alikuja kwako lini, alikuwa na hali gani, alikwenda wapi.

Jepkosgei


Bondeni, Nakuru
15 Juni 1956

Mama Kiprugut,

Medali iko ndani ya kifurushi hiki. Nayasema yote.

Alikuja Novemba, mvua fupi zikiwa zimeanza. Alikuwa mzima, mwembamba, koti limelowa. Aliiweka medali mezani akasema, "Mzee, hii ni fedha kweli?"

Nikamwuliza, "Umeitoa wapi?"

"Ni ya kwetu, Subukia. Ya babu wa mama yangu, Jepkosgei. Mimi ndiye wa mwisho, kwa hiyo ni yangu."

"Mbona unauza kitu cha ukoo?"

Akasema, "Babu alibeba mizigo ya Mzungu akapewa hii. Baba alibeba mpaka akafa, hakupewa hata hii. Mimi naiuza ili nisibebe." Kisha akacheka, lakini si kwa furaha. Nilimpa chai. Alisema anateremka Mai Mahiu, kwamba malori yanayopanda ukingo wa bonde yanahitaji vijana.

Nilikuandikia kwa nia safi, kujua habari za Kiptanui. Ulipojibu kwamba iko sandukuni, ndipo nilipojua ilichukuliwa bila ruhusa. Nikajiambia nitasema katika barua inayofuata. Barua inayofuata ukaniuliza nakula nini. Niliogopa kwamba nikisema utadai kilicho chako, kisha nyumba hii itarudi kuwa kimya kama ilivyokuwa. Uliposema anakuandikia nilijua si kweli, nikaandika kwamba nafurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Dualeh


Subukia
9 Julai 1956

Mzee Dualeh,

Niliomba ruhusa kwa mwenye shamba, nikakopa koti la jirani, nikaenda Mai Mahiu. Askari walitushusha njiani kutazama vipande vya utambulisho, tukasimama juani. Kule kuna baridi inayoteremka kutoka mlimani na moshi wa malori, na vibanda vya chai kando ya njia. Nikaanza kuuliza kibanda kwa kibanda.

Mwanamke mmoja aitwaye Cheptanui, mtu wa kwetu, alikuwa akikaanga mandazi. Nikataja jina. Akaacha mwiko ndani ya mafuta.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Ndiye mimi."

"Mbona umekuja sasa?"

Nikamwambia sikujua. Akaniambia Kiprugut alilala nyuma ya kibanda chake tangu mwaka jana, akipakia na kupakua. Kila lori lililotoka Nakuru alikuwa akimwuliza dereva, "Hakuna mtu anayeniulizia huko juu?" Madereva wakamzoea, wakawa wanamjibu kabla hajafungua mdomo: hakuna. Baada ya Pasaka akamwambia Cheptanui, "Sasa nimejua. Hakuna anayenitafuta." Akapanda lori la Uganda.

Pasaka, Mzee Dualeh. Wakati huo nilikuwa na barua zako mbili chini ya mto wangu, na katika zote mbili ulikuwa unajua.

Wakati wa kurudi nilipita Bondeni. Mlango wako ulikuwa wazi. Nilikuona umeinama juu ya meza na kile kioo jichoni, upara wako unang'aa, na mchoro wangu uko ukutani. Nilisimama ng'ambo ya njia. Sikuingia.

Usiniandikie.

Jepkosgei


Bondeni, Nakuru
14 Agosti 1956

Mama Kiprugut,

Najua umenikataza. Naandika tu kukujulisha kwamba nawauliza madereva wote wa njia ya Uganda wanaoleta saa zao. Bado sijapata jibu. Sitaandika tena mpaka nipate.

Dualeh


Tororo, Uganda
3 Septemba 1956

Kwa Mzee Fundi wa Saa, Bondeni,

Jambo mzee. Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni yule kijana aliyekuja na mvua, ukampa chai. Nilikuuzia medali yenye jina la Kiptanui. Sijui pa kuandika pengine, kibao cha duka lako kilikuwa na sanduku la posta nami nikalishika kichwani.

Niko hapa kwenye kiwanda cha saruji. Nilisema sitabeba, na sasa nabeba magunia, tena ya vumbi jeupe mpaka kope. Usiku tukijisikia vibaya kila mtu anataja kitu cha kwao. Mimi nikiulizwa nyumbani kwetu pana nini, nakumbuka kwamba kilichokuwapo nilikichukua mimi.

Tafadhali mzee, usiiyeyushe. Usimwuzie mtu. Nitaikomboa, hata kama itachukua muda. Na kama kuna mtu wa Subukia anayepita dukani, mwulize polepole kama Jepkosgei wa kambi ya kahawa yu hai, na kama amefukuzwa kwenye ile nyumba. Usiseme ni mimi ninayeuliza. Mai Mahiu nilingoja, hakuna aliyeuliza habari zangu, nami sitaki kumsumbua mtu aliyekwisha kunifuta.

Kiprugut


Bondeni, Nakuru
8 Septemba 1956

Kijana wangu Kiprugut,

Mama yako yu hai, na nyumba hajaipoteza, ingawa sijui kwa muda gani. Medali iko kwake. Huna cha kukomboa.

Hakukufuta. Alikwenda Mai Mahiu kwa koti la kuazima, akauliza kibanda kwa kibanda, akamfikia Cheptanui. Alichelewa kwa sababu hakujua uko wapi, na hakujua kwa sababu mtu aliyejua alinyamaza. Mtu huyo ni mimi. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, lakini usiikalie hasira hiyo huko Tororo. Panda gari uje nayo. Pitia dukani kama utataka kunitukana, au usipitie, nenda moja kwa moja. Nimekuwekea nauli humu ndani, usinirudishie.

Barua yako nimeituma Subukia leo hii, bila kuongeza neno langu hata moja.

Dualeh Abdisalam


Subukia
25 Novemba 1956

Mzee Dualeh,

Alikuja mwezi uliopita, jioni, tukiwa tunarudi kutoka kahawani. Wanawake walimwona kabla yangu, wakanyamaza wote, ndipo nikainua macho. Amekomaa. Amekohoa kwa wiki mbili, ile saruji, sasa imepungua. Nilimpa maziwa, akanywa yote, akauliza, "Mama, uko na hasira?" Nikamwambia ninayo, akae hivyo hivyo.

Hakuandikishwa shambani. Amepata kazi kwa fundi wa magari huku Subukia, analala hapa. Mwenye shamba amesema nyumba tubaki nayo hadi mavuno ya mwakani, baadaye tutaona. Kiprugut aliniambia alipita mbele ya duka lako akakuta limefungwa, ilikuwa Ijumaa mchana.

Sijakusamehe ile Pasaka. Nimejaribu, na bado. Kila nikimwona akikohoa nahesabu. Lakini nauli ulimtumia wewe, na barua yake uliileta bila kuitumia kujitetea. Hayo nayo nayahesabu.

Medali ameichukua Kiprugut. Ni yake sasa, na akitaka kuivaa shingoni tundu lipo. Habari za Kiptanui nimekwisha kukupa zote, nyingine sina, kwa hiyo usiniandikie tena kwa ajili ya medali.

Kama una jambo lingine, andika.

Jepkosgei


Bondeni, Nakuru
4 Desemba 1956

Kwako Mama Kiprugut,

Leo hapa mvua imenyesha tangu alfajiri. Bati linavuja juu ya meza ya kazi, kwa hiyo nimeisogeza mpaka karibu na mlango, na sasa naona watu wanaopita. Nilikuwa sijui kama wanapita wengi hivi.

Mchana nilipika maharagwe mwenyewe. Yaliungua chini. Nikala ya juu.

Paka wa Kuluthum amezaa ndani ya sanduku langu la vibao vya saa, na hataki kutoka. Nimemwachia. Majirani wanakuja kuwatazama watoto wake, wanakaa kidogo, wanaondoka.

Sijui watu huandika nini kingine. Nina karatasi bado nusu nzima na sina la kusema, lakini sitaki kuifunga.

Je, huko kwenu imenyesha?

Dualeh